Spoti ya Kijani ya Magomeni

Jumapili, 1 Juni 1969

Jumapili tena. Nimetoka misa, nimepika, nimekula, nimeosha sahani moja. Saa nane mchana na siku imekwisha!

Siku za kazi afadhali. Pale simu, kwenye ubao wa kuunganishia watu, nashinda na sauti za watu masikioni – nipe Tanga, nipe Mwanza, sista fanya haraka. Wote naongea nao, hakuna anayenijua. Mama ndiye alikuwaga ananiuliza jioni: leo wamesema nini? Sasa hakuna wa kuuliza.

Nimeamua leo. Pesa ya hoteli ya chai aliyoniachia mama sijengei nyumba. Nanunua gari. Na si la kwendea kanisani – la mbio! Mwezi uliopita nilikwenda Bunju kutazama magari yakishindana kwenye kile kiwanja cha zamani cha ndege. Mchana mzima sikuukumbuka msiba. Nilirudi na vumbi mpaka kwenye meno, nikacheka peke yangu njiani.

Baba aliendesha lori la misheni kule Muleba. Alinifundisha nikiwa bado sioni juu ya usukani. Kwa hiyo si wazimu. Au ni wazimu kidogo.

Ijumaa, 6 Juni

Nimekwenda Keko kwa fundi Kasimiri, Mmakonde mmoja wa Newala, mpole, anaongea na injini kuliko na watu. Ana magari mawili ya kuuza. Cortina nyeupe. Na spoti ya Kiingereza, kijani, milango miwili, paa la turubai – mwenyewe mwalimu, anarudi kwao.

Kasimiri akasema chukua Cortina, sista. Nguvu ipo, spea zipo, iko juu. Hii nyingine ni kiatu cha bi harusi, kitaishia kwenye mchanga wa Magomeni.

Nikamwambia Cortina ina viti vya watu watano. Nitawajaza akina nani?

Akawa anafuta mikono, ingawa ilikuwa safi.

Jumamosi, 14 Juni

Ni langu! Nimelileta mwenyewe toka Keko, turubai chini, kitambaa kichwani. Barabarani linakwenda kama limeudhiwa. Lakini kichochoroni kwetu – tumbo likakwaruza, tairi zikazama, nikakwama mbele ya watu wote. Fundi alisema.

Walionisukuma walinisukuma wakicheka. Jirani yangu Zuena akatoka na mwiko mkononi. Shoga, kakupa nani? Nikasema nimenunua. Akasema haya, kakununulia nani?

Mwanamke wa Kihaya, hana mume, ana gari. Najua wanavyomalizia.

Jumapili, 29 Juni

Kasimiri na mie tumezozana vizuri leo. Anasema gari moja haliwezi kazi mbili. La mbio linataka kulala chini. La Magomeni linataka kusimama juu. Chagua.

Nimekataa kuchagua! Naenda nalo kazini Jumatatu na nashindana nalo Jumapili. Jingine sina.

Basi akafikiri. Kaka yake ni mchongaji. Akamwomba vipande vya mpingo, vizito kama chuma, tukavibana juu ya springi ya nyuma. Na mbele tukaweka vikombe vya chuma. Gari limeinuka, linapita mchangani bila kugusa. Siku ya mbio tunavitoa, linalala. Akanionya kwa kidole: kwa vipande hivi usikimbie. Mgongo ukiwa juu, matairi ya nyuma yanakutanisha nyayo, kama mtoto anayebana mkojo. Kwenye kona yanakunjana, unapinduka.

Tumeweka kabureta mbili, bamba la chuma chini ya injini, eksozi mpya. Kelele! Kiti cha abiria tumeking'oa kupunguza uzito. Nimekileta nyumbani, kipo sebuleni. Zuena akija anakikalia, anajifanya anapiga honi.

Alhamisi, 10 Julai

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Mzee Nikodemu, amekuja. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu. Chai hakutaka. Akakaa ukingoni mwa kiti kama kinauma.

Watu wanauliza, akasema. Tuko kwenye Azimio la Arusha, tunajenga ujamaa, na binti wa simu ana gari la kibwanyenye. Njoo kikaoni Jumamosi ueleze.

Jumamosi, 12 Julai

Nimeeleza. Nilisimama mbele yao, nikasema ni pesa ya hoteli ya marehemu mama, wengi wenu mmekunywa chai yake, na wengine hamkulipa. Wakacheka kidogo. Halafu sauti toka nyuma: "Kwani chai tu ndiyo ilikuwa inauzwa pale?"

Hapo wakacheka sana.

Mzee Nikodemu aliwanyamazisha. Akaandika kwamba nimeeleza. Kikao kikaendelea na habari za mtaro. Mie nikakaa mpaka mwisho, maana kuondoka ningeonekana nimekimbia. Mtaro utachimbwa wiki ijayo.

Zuena alikuwepo. Hakucheka. Lakini hakunitetea pia.

Jumatatu, 21 Julai

Redio inasema Wamarekani wametua mwezini. Kazini hapakuwa na habari nyingine. Bernadeta, anayekaa ubao wa pili kutoka wangu, akauliza huko juu wakipatwa na shida wanampigia nani. Sote tukacheka.

Jumanne, 5 Agosti

Auleria amepiga toka Bukoba. Dada yangu! Amekwenda posta mwenyewe kuomba trunki, simu ya mbali, na simu ikaingia kwenye ubao wangu. Nilisema "Dar es Salaam, habari" kama kwa mtu yeyote, akasema ni wewe?

Furaha yangu yote ilidumu pumzi moja. Halafu akaanza. Amesikia habari za gari. Mama kachemsha chai miaka yote ile, kaungua mikono, na mie nimemgeuza bati. Nikasema Auleria, sikiliza. Akasema nimesikiliza vya kutosha, usinihesabu tena kuwa ndugu. Akakata.

Nilibaki na kamba ya simu mkononi. Taa zilikuwa zinawaka mbele yangu, watu wanataka Moshi, wanataka Dodoma. Bernadeta alisikia yote, haikwepeki. Hakuniuliza. Alichukua simu zangu pamoja na zake mpaka nikaweza kuongea.

Jumamosi, 16 Agosti

Mwandiko mbaya leo.

Nilikwenda njia ya Bagamoyo kulijaribu. Vipande vya mpingo vimo. Nilijua. Nilisema nitakwenda polepole. Lakini njia ilikuwa wazi, injini inaimba, na kichwani sauti ya Auleria – nikakanyaga! Kabla ya Tegeta kuna kona. Mgongo ukanyanyuka, nyuma ikaja mbele, nikaona minazi, barabara, minazi. Likasimama kwenye majani, linatazama nilikotoka.

Halikupinduka. Gurudumu moja tu lilikuwa ukingoni mwa shimo.

Nilikaa humo. Hakuna aliyepita. Ndipo nikaogopa – si kufa. Niliogopa kwamba ningekufa leo Jumamosi, na wa kwanza kushtuka angekuwa bosi, Jumatatu, kwa kuwa nimechelewa.

Ijumaa, 22 Agosti

Mbio keshokutwa. Nimekwenda Keko – geti limefungwa. Kasimiri kafiwa na mama mkwe, kaenda Newala. Siwezi kumlaumu kwa msiba.

Basi vipande na vikombe nitavitoa mwenyewe. Nimemtazama akivifunga. Spana ninazo. Jeki ninayo.

Jumapili, 24 Agosti. Bunju

Naandika nikiwa ndani ya gari.

Nimefika asubuhi, nikaenda pembeni, nikaliinua kwa jeki juu ya magogo, nikalala chini yake na gauni langu la zamani. Nati moja ilinigomea mpaka nikaisimamia spana kwa mguu. Ilipoachia niliipigia kelele ya furaha! Mzungu mmoja aliyekuwa anakula na mkewe na watoto kwenye jamvi akageuka, akaniinulia kikombe. Gari limelala. Limependeza!

Zamu ya kwanza tayari. Tulikwenda mmoja mmoja, kushindana na saa. Kona ya mwisho, ile wanayoiogopa, nyuma ilitulia chini yangu kama mnyama aliyenikubali. Nililia humo ndani, hakuna aliyeona. Wamesoma matokeo: mie wa tatu! Wa tatu, na Cortina mbili ziko nyuma yangu. Watu wakapiga makofi. Nikageuka nimwambie mtu.

Zamu ya pili tunakwenda wengi kwa pamoja. Karani wa mbio, kijana wa Kigoa, anapita gari kwa gari na ubao wake. Amefika kwangu. Akasema hii ya pamoja ina hatari, sista, kila dereva lazima ataje mtu. Likitokea la kutokea, tumpigie nani?

Nikasema dada yangu. Halafu nikasema hapana, ngoja.

Akatabasamu. Akadhani sikuelewa. Akarudia polepole: mtu wako. Jina lake tu na namba.

Namba za mji mzima nazijua kwa kichwa. Nikamwomba anipe dakika, akaenda kwa wengine kwanza. Na nikimtaja Auleria, simu ya Bukoba lazima ipite kwenye ubao wetu. Leo Bernadeta yuko zamu. Yeye ndiye angesikia kwanza. Yeye ndiye angesema "Bukoba, subiri." Sijui hata anakaa wapi. Kinondoni, nadhani. Sijawahi kumuuliza. Lakini namba ya ubao wetu ikilia leo, anayepokea ni yeye.

Sasa wanawasha injini. Magari yote yameshajipanga, nafasi moja imebaki, yangu. Karani amemaliza upande ule, anarudi, kalamu iko sikioni. Ananitazama. Ananyoosha mkono kuonyesha saa.