Barua ya Hospisi kwa Mkoba Wangu

Waringa na Kuria,

Githeri iko kwa jiko, muipashe moto. Kuku wapewe maji.

Waringa, asubuhi ulipata barua ya hospisi kwa mkoba wangu ukaanza kulia, nami nikakufokea kwa kunipekua badala ya kukueleza. Pole, mama. Mimi si mgonjwa! Barua ile ni ya kunieleza jinsi ya kuwaachia mali. Nimeenda tao kwa wakili kuandika wosia. Nikifa, hospisi wapewe ~~chumba kimoja~~ vyumba viwili vya kupangisha vya ploti yetu ya Dagoretti Corner. Kuria, usinune, vingine vyote ni vyenu. Ni kule hospisi, wanakotunza wagonjwa wasiopona, baba yenu alilala usiku mzima bila kulia kwa uchungu, mara ya kwanza tangu augue. Tangu niamue, moyo wangu umetulia.

Na kama kweli mlidhani nakufa, mbona vyombo vya jana mmeniachia mimi?

Mama yenu, mzima kabisa