Mabonge Chini ya Kanisa

Jumatatu, 9 Februari

Asubuhi kupima udongo tena. Lori la Nyamuswa limemwaga, la Butiama linasubiri. Kila jumuiya inaleta udongo wa kwao kufukia lile eneo la majimaji hapa Kitaji, kando ya ziwa, tujenge kanisa la kigango. Sasa wanashindana: nani kaleta mabonge magumu zaidi. Udongo wa mfinyanzi uliokaushwa na kiangazi, ukiugonga unalia kama jiwe. Wanashangilia. Baba yangu, mwenyekiti wa ujenzi, anacheka kama kijana. Mimi mhandisi wa familia natabasamu tu.

Alhamisi, 12 Februari

Wameleta ng'ombe wakanyage. Kundi zima, kwenda na kurudi, akina mama wakipiga vigelegele. Juu pamekuwa sakafu. Juu tu. Kati ya bonge na bonge kuna uwazi, na kwato hazifiki huko.

Jumamosi, 14 Februari

Nimejaza mabonge kwenye ndoo inayoonyesha ndani. Tofali juu. Nikamimina maji. Mpaka mchana yalisimama. Jioni yamelainika, moja linaingia ndani ya jingine, tofali limelala upande.

Hesabu ya kompyuta inasema hivyo hivyo, ila kwa miaka. Kwanza udongo unashuka haraka, mianya ikijiziba. Kisha polepole, polepole sana, maji yakijikamua kutoka kwenye udongo wa mfinyanzi. Na haushuki sawa, maana kila jumuiya imemwaga wa aina yake. Naogopa.

Jumapili, 15 Februari

Nimemwambia Baba baada ya misa. Nimembebea na ndoo. Akaitazama kwa upole, kama mtu aliyeonyeshwa mchoro wa mtoto.

"Mama, sisi tulikuwaga tunajenga kabla ya kompyuta. Ng'ombe wamepita pale, umeona hata mmoja amezama?"

Ana miaka sabini na tisa. Tangu nimjue anasali chini ya turubai, na Pasaka hii anataka kuta. Nikasema mbele ya kamati: tuutoe udongo wote, tuanze upya. Wakanishukuru kwa elimu yangu, wakapanga zamu za kubeba tofali.

Jumatano, 25 Machi

Mvua. Ukuta umefika kwenye linta, juu ya madirisha. Ziwa limejaa, maji yanapenya kwa chini. Sijala.

Jumatatu, 30 Machi

Ufa. Umeanzia dirishani, mkono unaingia. Fundi ameuziba kwa saruji, mchana ukafunguka tena. Wameanza novena, sala ya siku tisa. Na mimi nasali, ila najua kinachoendelea kule chini, na sala yangu haina nguvu.

Jumatano, 1 Aprili

Ukuta wa madhabahu umelala. Hapakuwa na mtu. Wanasema tumshukuru Mungu. Sina shukrani. Nilikuwa sahihi na sijawahi kuchukia kitu kama hiki. Baba aliokota tofali moja, akalifuta tope, akaliweka pembeni, akaokota jingine. Hakunitazama. Afadhali angenitukana.

Kamati imeamua: hakuna kujenga mpaka ardhi itulie.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Turubai. Nimefumbua mdomo tu, sikuimba.

Jumapili, 12 Aprili

Baba amekuja kwangu. Amekaa, ameuliza ardhi itatulia lini. Hajawahi kuniuliza jambo la kazi yangu. Nikamwonyesha kwenye kompyuta mstari wa ardhi unavyoshuka, na pale unapolala. Miaka kumi na mmoja. Akahesabu kwa vidole, akaachia njiani.

"Basi msinisubiri," akasema. Akaomba chai.

Alipoondoka nimerudi kwenye hesabu. Nimepunguza kina cha udongo. Nimedanganya kwamba maji yanatoka haraka. Nimeweka mzigo wa mchanga juu yake, mchanga ambao hatuna. Natafuta jibu moja tu ambalo atakuwepo kuliona. Ikaja miaka tisa. Nikadanganya zaidi, ikaja nane.

Nimezima kompyuta. Nimeosha kikombe chake.