Mzee Aliniamkia, Nami Nikaitikia

Kwako Bibi Theodosia,

Salamu kwako na kwa wasomaji wa ukurasa wako. Hii ni barua ya tatu kuandika, mbili nimezichana nikazitia jikoni, maana kila nikifika pale penyewe mkono unagoma, sasa nakuomba uisome hadi mwisho hata kama utanichukia njiani, na jina langu usilitoe, niite Mama wa Mfaranyaki, ingawa najua watu wa hapa Songea wakisoma watanitambua siku hiyo hiyo.

Mimi ni mjane wa miaka arobaini na mitatu, nina binti mmoja tu, Rosemary, ambaye mwaka juzi, baada ya biashara kufunguliwa na kila mtu kupata ruksa ya kuuza anachoweza, alianzisha mgahawa mdogo hapa hapa Mfaranyaki, chipsi, kuku, soda na supu ya asubuhi, akamwajiri Asma, dada mmoja wa Tunduru mwenye mkono mzuri sana wa kupika, na mimi akaniweka kaunta kwa kuwa nina uzoefu wa kuuza. Uzoefu wenyewe ndio ulioniponza.

Miaka ile ya shida, sukari kwa foleni na sabuni kwa kibali, mimi nilikuwa muuzaji wa duka la ushirika hapa mjini, na pale dirishani kwangu neno lilikuwa moja, hamna, sukari hamna, chumvi hamna, mafuta ya taa hamna, na mara nyingi ni kweli hakikuwepo kitu, lakini mara nyingine mzigo ulikuwa chini ya meza, umeshagawiwa wakubwa na jamaa zao, na kilo zangu mbili zikiwa humo humo, kwa hiyo nilisema hamna huku goti langu likigusa gunia. Sikuona vibaya, tuliofanya kazi ile wote tulikuwa hivyo.

Sasa siku moja akaja Mzee Otto wa Maposeni, kijijini kwetu nilikozaliwa, yeye alikuwa katekista, ndiye aliyenifundisha komunyo ya kwanza, ndiye aliyetupanga watoto nje ya kanisa akatuonyesha namna ya kumwamkia mtu mzima kwa kupiga magoti, na siku hiyo alitaka mafuta ya taa. Alipofika dirishani alivua kofia, akainama, akaniambia, "Shikamoo, mama." Bibi, yule anamzidi hata marehemu baba yangu kwa umri. Ningetakiwa kumwambia mwalimu usifanye hivyo, lakini foleni ilikuwa ndefu na watu wanatutazama, nikaitikia, "Marahaba," nikamjazia chupa yake ya mafuta, foleni nzima ikaona, na tangu siku hiyo wazee wakawa wananiamkia mmoja baada ya mwingine, nami, hapa ndipo nilipokuwa nachana barua, nilipenda. Nilipenda sana. Nikafika mahali asiyeniamkia namwambia hamna bila hata kugeuza shingo.

Duka lile lilikufa, nikakaa nyumbani miaka, na niliposimama tena kaunta kwa mwanangu nikakuta dunia nyingine, vitu tele, mteja anagonga meza kwa funguo, "Mama, chipsi kuku, fasta," mtoto wa juzi salamu hana, basi na mimi namwacha asubiri, napangusa kabati la kioo ambalo nimeshalipangusa, nahesabu chupa za soda, akiuliza mara ya pili namuuliza kwani anawahi wapi, akilalamika kwamba chipsi zimepoa namwambia hakuja hapa kuoga, na Rosemary akinisema kwamba mteja akichoka anavuka barabara tu kwenda kwa jirani, nilimjibu avuke, huko nako atasubiri. Siku nyingine nilimwambia mtu chipsi hamna, Asma akachungulia kutoka jikoni akasema, "Mama mkubwa, zipo, nimetoka kuziepua sasa hivi," nikamnunia Asma wa watu siku mbili kana kwamba kanitukana.

Mwezi uliopita, asubuhi, mgahawa umejaa, akaingia Mzee Otto na fimbo yake na kibakuli cha plastiki chenye mfuniko. Nilikuja kujua baadaye kwamba mke wake, Bibi Kunegunda, alikuwa amelazwa hospitali hapa mjini, hali chakula chochote, ndipo mtu wa kitanda cha jirani akamwambia mzee ajaribu supu ya kuku ya kwetu. Alisimama nyuma ya watu, vijana wakawa wanampita mbele, na mimi nilikuwa namwona tangu alipoingia mlangoni na sikumwita, nilijifanya sijamwona. Alipofika kaunta alinitazama, akanikumbuka, akavua kofia. "Shikamoo, mama," akasema, na mdomo wangu ukajibu kabla yangu, "Marahaba," kisha kabla hata hajaomba kitu, kakinga kibakuli tu, nikaongeza, "Supu hamna." Sufuria ilikuwa nyuma yangu inatoa mvuke. Kuna vijana walicheka. Mzee akasema, "Haya, asante mama," akafunika kibakuli chake akatoka.

Asma alitokea na upawa mkononi akauliza, "Supu si hii hapa?" Rosemary akachomoka mbio, akamkuta mzee kwenye kona, akamsihi arudi, akamshika hadi mkono, mzee akamjibu, "Hapana mwanangu, usijitie matatizoni, mama ameshasema hamna." Mwanangu alirudi peke yake, akaja nyuma yangu akanifungua aproni mbele ya wateja, na jioni aliniambia, "Mama, hutasimama tena kwenye kaunta yangu mpaka uende kwa yule mzee."

Sikwenda. Nilisema kesho, nikasema keshokutwa, na baada ya siku sita tukasikia Bibi Kunegunda amefariki na anazikwa Maposeni, nikajifunika blanketi nikasema nina homa, Rosemary na Asma wakaenda na unga na mchele, waliporudi hakuna aliyenisimulia chochote, na hadi leo mimi na mwanangu tunaishi nyumba moja, anapakua chakula changu anakifunika anaondoka.

Bibi, naomba unisaidie. Je, ni mimi niliyemuua yule mama? Na je, nikimtuma Rosemary apeleke kuku wawili na barua ya kuomba radhi si itatosha? Maana ukweli ni kwamba naogopa kwenda, siogopi kufukuzwa, wala siogopi kutukanwa, naogopa nikifika pale mlangoni yule mzee atavua kofia aniamkie tena. Na tafadhali mwandikie Rosemary hapa gazetini, anakusoma kila wiki, mwambie anirudishe kaunta, nyumbani naoza.

Ni mimi, Mama wa Mfaranyaki.

JIBU

Mama wa Mfaranyaki,

Nimeisoma hadi mwisho kama ulivyoomba. Pole kwa kununiwa na mwanao wa pekee, kula chakula kilichofunikwa na mtu asiyekusemesha ni adhabu, najua. Pole yangu inaishia hapo.

Supu haikumuua Bibi Kunegunda. Mgonjwa aliyefikia hali hiyo hafi kwa kukosa bakuli moja la supu, na wewe si mtu muhimu kiasi hicho katika kifo chake. Acha kujiita muuaji. Naona jina hilo linakufaa, kwa sababu ukijiita muuaji unapata kulia, na ukishalia huna haja ya kutazama ulichokifanya hasa.

Ulichokifanya hasa ni hiki. Ulimfundisha mwalimu wako kwamba akitaka kitu kwako ni lazima ajishushe. Alijifunza somo hilo kwa chupa moja ya mafuta ya taa, na miaka yote hii hakulisahau. Vitu vimejaa madukani, mwanao anamkimbilia barabarani anambembeleza, yeye bado anaogopa kumtia msichana wa watu matatizoni kwa sababu mama ameshasema. Huo ndio uzoefu wako wa kuuza.

Halafu unaniambia ni mdomo uliojibu kabla yako. Mdomo huo mbona ulikuwa na adabu zote wakubwa walipokuja kuchukua magunia yao? Hao nao uliwaambia hamna? Unajua kusalimu, mama. Hata mimi umenisalimu vizuri kabisa, mimi usiyenijua, kwa sababu kuna kitu unakitaka.

Nina barua nyingi mezani za watu waliosimamishwa kaunta wakimtazama muuzaji anasukwa nywele, waliorushiwa chenji, walioulizwa kama chakula wamekuja kula au kukagua. Huwa nazijibu kwa utani. Ya kwako siwezi, na nitakwambia kwa nini. Miaka ile mimi nami nilisimama kwenye dirisha kama lako, mtoto mgongoni, nikamwamkia msichana niliyemzidi miaka mingi tu. Nilipata mche wa sabuni. Nilikwenda nyumbani nimefurahi, nikawaonyesha majirani. Aibu ilikuja usiku ule nilipokuwa nafua, na mpaka leo nikiikumbuka nasikia uso unawaka. Yule msichana sidhani kama ananikumbuka.

Kwa hiyo Rosemary sitamwandikia unavyotaka. Rosemary, kama unasoma, ulifanya sawa kuifungua ile aproni. Ila chakula cha mama yako anza kumpelekea mwenyewe mezani ukae naye, hata kama hamsemi kitu, maana nyumba ni yenu wawili tu.

Wewe mama, kaunta sahau. Na umwambie mwanao kabla hujaondoka kwamba hata ukifika Maposeni hutaidai tena, ili safari hii isije ikawa namna ya kutafutia kazi. Kama nyumbani unaoza, omba kumenya viazi jikoni, Asma awe mkubwa wako, na akikwambia zipo ukubali zipo.

Maposeni utakwenda mwenyewe. Kuku wa kutumwa hapana, barua hapana. Barua, kwa macho ya umri ule, huenda akalazimika kumtafuta mtu wa kumsomea, na hadithi yenu kijiji kizima kitaijua, wakati yeye hajawahi kumlalamikia mtu. Usiende Jumapili watu wakitoka kanisani wakakuona unavyojuta. Nenda siku ya kazi, vaa kanga zako za kawaida, na mkononi beba kile ambacho mtu yeyote hubeba akienda kuhani msiba, wala usizidishe.

Unaogopa atakuwahi kukuamkia. Basi muwahi wewe. Ukishapiga hodi ukasikia hatua zake, magoti yawe yameshafika chini kabla mlango haujafunguka, useme, "Shikamoo, mwalimu." Usianze na maelezo ya foleni wala ya miaka ya shida, alikuwepo. Usimlilie, mke wake amekufa, asigeuke yeye kuwa wa kukubembeleza wewe. Akiitikia, mpe pole ya msiba, muulize kama yuko mtu wa kumpikia, kisha uage.

Asipoitikia, usirudie ile shikamoo kwa sauti zaidi ili kumlazimisha. Weka ulichobeba, inuka, uondoke taratibu. Yuko mlangoni kwake, na safari hii anayeomba ni wewe, ana haki ya kukunyima.