Hodi ya Namakwekwe

Da Mwanaisha, shikamoo.

Nimefika salama huku Uganda, Mbale, mtaa wa Namakwekwe. Zaituni, yule rafiki yangu wa chuo, na wakwe zake wananilisha matoke mpaka nakataa. Lakini upweke, dada! Kiswahili hapa sikisikii. Juzi mvua ilinikuta njiani, nikakimbia nikagonga mlango: “Hodi! Fungueni upesi!” Mama mkwe wake akafungua huku kainamisha macho, akaweka redio miguuni pangu. “Chukua tu, afande.”

Kumbe wakati wa vita huku, waliogonga kwa Kiswahili walikuwa askari waliokuja kupora.

Niliomba radhi, tukacheka wote. Ila tangu siku hiyo naongea kwa kunong'ona. Nikirudi Tanga nitapiga hodi mtaa mzima usikie. Nawe, hata ukiwa jikoni, niitikie “karibu” kwa sauti.

Mdogo wako,
Rehema