Mashine Uliyoniachia

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Shemeji aliporudi kutoka kukuona alituambia kwamba sasa unakaa kitini mpaka unamaliza kula bila kuomba mto, na kwamba umeanza kugombana na daktari juu ya ile fimbo ya kutembelea. Nilicheka, kisha nikamshukuru Mungu, maana nakujua, ukianza ubishi ujue nguvu zinarudi. Sisi huku ni wazima. Mke wangu anakusalimu sana. Mama naye anakuulizia kila asubuhi kana kwamba umetoka kidogo kwenda dukani, na tukimwambia uko kwenye matibabu anasema anajua, anauliza tu utarudi na nini.

Utashangaa kwa nini nimeshika kalamu na simu ninayo. Kaka, kwenye simu mimi huzunguka. Unaniuliza jambo nakujibu habari za mvua, na hivyo ndivyo nilivyofanya uliponipigia kwa hasira, ukasema posa ya binti yako isimame, kwamba huwezi kumwoza mtoto wako kwenye nyumba ya fundi aliyekuharibia mashine halafu akakana. Ulisema shemeji apeleke ujumbe huo kwa fundi. Nimemwomba shemeji asipeleke kwanza, mpaka upate barua hii. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia anivumilie tu. Amekubali.

Basi nianze na mashine yenyewe. Siku ile unanikabidhi msumeno wako wa mnyororo, ulikaa kwenye kiti cha plastiki, mkono mmoja kiunoni, ukanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Petroli nichanganye na oili yake kwenye kidumu chekundu, nitikise vizuri, ndipo nitie. Mnyororo niunoe kwa tupa kila ninapojaza tenki, nisingoje mpaka uanze kutoa unga badala ya vipande. Chujio la hewa nilipige mswaki kila jioni. Meno yasiguse udongo. Na nikimaliza kukata nisiizime papo hapo, niiache ingurume taratibu kidogo ipoe. Nikakuambia unaongea kana kwamba unaniachia mke. Ukanijibu kwamba mke angejitetea.

Mashine hiyo ulikuwa nayo tangu binti yako anatambaa. Wakata miti wenzako walionunua za kwao wakati uleule walishazitupa, wakanunua nyingine, nazo wakazitupa. Walisema una bahati. Fundi alikuwa akiwaambia siyo bahati, ni mswaki.

Mwanzoni nilifuata yote. Kisha, kaka, nikaanza kuipenda ile sauti. Nikifika kwa mteja na kukuta hajatoka mtu, nilikuwa naiwasha naivutia mafuta hadi mwisho, haikati kitu, inapiga kelele tu hewani, mpaka watoto wanakuja mbio na majirani wanachungulia madirishani. Wakaanza kuniita Ngurumo. Mimi, mtu ninayeongoza sala, nikaitika.

Kunoa nikaona kunanichelewesha. Mnyororo ukiwa butu nilikuwa naulalia kwa kifua, naisukuma mashine mpaka inatoa moshi kwenye mti mbichi. Magogo niliyakatia palepale chini yalipolala, meno yakawa yanakula mchanga. Chujio nililikung'uta kwenye goti nikalirudisha. Na kila asubuhi kabla ya kuiwasha niliweka mkono juu yake nikaiombea, kwa sauti, mteja akisikia. Watu walisema hawajaona mkata miti mcha Mungu kama huyu. Wewe sikuwahi kukuona ukiiombea mashine, kaka. Wewe ulikuwa unaifuta.

Ilipoanza kugoma kuwaka nikaipeleka kwa fundi. Karakana ilikuwa imejaa wateja. Alifungua kifuniko, akalitazama chujio, akaniuliza kama siku hizi nakata miti au nachimba visima. Watu wakaangua kicheko. Aliisafisha yote, akabadilisha plagi, akanoa meno mwenyewe, akaiwasha ikaitika kwa mvuto wa kwanza. Akaniambia haina ugonjwa, inateswa tu. Ni kweli tupu, lakini aliisema mbele za watu, nami nikaondoka nimenuna.

Wiki haikuisha, upepo ukauangusha ule mti mkubwa nyuma ya nyumba yetu ya ibada, tawi likalalia bati. Watu wakakusanyika. Nikapanda na mashine, nikakata, nikashuka kidogo, nikapanda tena. Nilikuwa sijafika hata nusu ya tawi lile nene, mashine ikapiga mlio mwembamba kama mluzi, ikakaza, ikanyamaza. Nikavuta kamba, haivutiki. Pale chini mtu mmoja akauliza kama siyo hii iliyotoka kwa fundi juzi tu. Nikasema ndiyo. Nikasema pia kwamba haijawahi kunisumbua mpaka yeye alipoigusa. Sikuongeza neno jingine, na hapakuwa na haja, wenyewe waliongeza. Kufika jioni, kwa maneno yao, fundi alikuwa ametoa pistoni nzima na kuweka kuukuu. Hata wewe huko habari ilikufikia hivyo, nami uliponiuliza nikasema inawezekana.

Watu wakaanza kuhamisha mashine zao. Mwenye kinu cha kusaga alikuja kuchukua mota yake hata haijafungwa, akaibeba na skrubu mfukoni. Siku ya ibada mzee mmoja akaomba tuwaombee ndugu walioingiwa na tamaa katika kazi za mikono yao, na wote wakanigeukia mimi niongoze. Niliongoza, kaka. Fundi alikuwa amekaa nyuma yangu, kofia yake magotini. Nilimwombea apewe moyo wa kweli. Nikasikia sauti yake ikiitikia amina pamoja na wengine.

Halafu binti yako akaja nyumbani. Alisema, baba mdogo, wewe ulikuwepo, naomba unieleze ni nini hasa baba mkwe wangu alifanya. Nikamwambia mambo ya injini ni magumu kwa mtu asiyeyajua. Akasema basi nimweleze polepole, yeye hana haraka. Nikamwambia ninawahi sala. Saa ile hapakuwa na sala yoyote, na ratiba anaijua kuliko mimi, maana ndiye anayeibandika mlangoni. Alisimama, akaosha kikombe alichonywea chai, akaaga kwa adabu.

Kaka, fundi hakufanya kosa lolote. Siku ile katikati ya kazi mafuta yaliniishia. Kidumu chekundu kilikuwa kikavu tangu asubuhi, nilikiona, nikaacha kuchanganya kwa sababu nilitaka kufika watu wakiwa bado wengi. Nilipoishiwa ningeweza kurudi nyumbani, ni mwendo mfupi. Lakini walikuwa wamesimama wananitazama. Ndipo niliposhuka nikafyonza petroli kwa mpira kutoka kwenye tenki la pikipiki iliyoegeshwa pale, petroli tupu, haina tone la oili, nikaijaza mashine yako. Watu waliniona nikifyonza na hakuna aliyejua maana yake. Mimi nilijua. Nisingependa useme nilisahau, maana sikusahau. Maneno yako nilikuwa nayasikia huku namimina, kwamba oili iliyo ndani ya yale mafuta ndiyo pekee inayoilainishia pistoni njia. Nikajiambia hii ni kazi ya nyumba ya Mungu, hawezi kuiacha injini ife juu ya paa lake. Nikapanda, nikaulalia mnyororo butu kwa nguvu zangu zote, ikafa. Nilimjaribu Mungu kwa mali yako, na aliponijibu nikamsingizia fundi, kwa sababu aliwachekesha watu juu yangu.

Jana niliibeba mashine kwenye gunia nikampelekea. Karakana ilikuwa tupu. Nilimwambia kabla hajaifungua, nisije nikakiri baada ya pistoni kunisemea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaifungua bila haraka, akanionyesha pistoni imekwaruzika kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Akasema alikuwa anajua, mkewe aliniona siku ile na mpira mdomoni. Nikamuuliza kwa nini hakuwaambia watu. Akaniuliza angekwenda kumwambia nani, na aliyekuwa mbele akiongoza sala ni mimi. Nilimwomba msamaha. Akasema amesikia, atafikiri. Halafu akauliza mgongo wako unaendeleaje, na hapo ndipo nilipolia. Anasema silinda huenda ikaokoleka. Pistoni imekwisha.

Ibada ijayo nitasimama niyaseme haya yote, na kuongoza sala nimeshaomba wampe mwingine. Msamaha wako siuombi kwa karatasi, nitauomba ukirudi, nikiwa mbele yako, unitazame. Ninachokuomba sasa ni kimoja. Ukimaliza kusoma, usinipigie mimi, mpigie fundi. Mwambie posa iko palepale kama yeye bado anaitaka. Maana kwa ukweli ulivyo, yeye ndiye mwenye haki ya kusema kijana wake hawezi kuoa kwenye nyumba ya waongo.

Msalimie mwanao mkubwa anayekuhudumia, mwambie tunamwombea thawabu. Jikaze na yale mazoezi hata kama yanauma, na fimbo uitumie, acha ubishi. Mama anasema uje na kitambaa cha kichwa.

Barua hii siendi kuituma mwenyewe, najijua, ningefika posta nikakuta foleni ndefu nikarudi nayo. Nimempa binti yako aipeleke, bahasha ikiwa wazi. Nimemwambia aisome kwanza, yote, ndipo aifunge. Ikikufikia, ujue ameisoma.

Ni mimi,
mdogo wako.