Ikiwa Kibao Kimekanyagwa

4 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko kwenye mji wa watu? Sisi wazima. Mama yako anaulalamikia mgongo, na mgongo nao unamlalamikia.

Ule mji wetu wa matofali, tuliokuwa tukiujenga kwenye mchezo wa kompyuta kabla hujahama, na ambao hata huko uliko unaweza kuuingia, bado naupalilia nikishafunga karakana ya viti. Nimetega kibao mlangoni pa nyumba yako ya humo mchezoni: ikiwa kimekanyagwa, taa ya paa iwake na ibaki hivyo mpaka niizime mwenyewe. La sivyo, giza. Basi kila nikiingia naikuta inawaka. Kumbe unapita kila siku, na kusema husemi! Mama yako amesema kama hujatusahau, upige simu. Nimemwambia taa inatosha.

Baba yako

20 Februari

Shikamoo Baba,

Mpe mama pole ya mgongo. Mimi mzima, ila kazi imenibana, nakula nimesimama. Kuhusu taa, nashukuru. Kibao kizuri.

Mwanao

27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Kula umekaa.

Jana niliingia mapema, nikamkuta kuku wa humo mchezoni mlangoni pako. Anapanda kibao, taa inawaka, anashuka na kunitazama kama mwenye nyumba. Mimi nilijiambia: mtoto akija, taa itawaka, taa imewaka, basi mtoto amekuja. Kumbe kibao kinauliza uzito tu, hakiulizi ukoo. Mama yako amecheka mpaka mgongo umepona. Mimi sikucheka sana.

Nimebadilisha masharti. Sasa taa inataka mambo mawili kwa pamoja: kibao kikanyagwe na kitufe kibonyezwe. Kuku hana kidole. Tangu hapo taa haijadanganya. Haijawaka pia.

Kuku sijamchinja. Ndiye aliyekuwa akija.

Baba yako

15 Machi

Shikamoo Baba,

Natumaini mgongo wa mama bado umepona. Barua yako niliisomea chooni ofisini, nikakaa humo mpaka wakaanza kugonga mlango. Nilijua siji, nikanyamaza, kwa kuwa ulifurahi. Nisamehe.

Jumapili nilikuja kweli. Nikakanyaga kibao: giza. Kutafuta kitufe, nakikuta ng'ambo ya mto. Nikienda kukibonyeza, kibao kimeachia. Nikirudi kukanyaga, kitufe kimeshachomoka. Nikambeba kuku nikamweka juu ya kibao. Hakai, ana mambo yake. Baba, umekosea hesabu. Mtu mmoja hawezi kuiwasha hiyo taa hata afanyeje.

Mwanao

22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi wazima, mgongo umerudi kazini.

Yamekwisha, na sikukosea hesabu. Jumamosi saa kumi jioni nafunga karakana. Mimi nitasimama kwenye kibao, wewe vuka mto ubonyeze. Mama yako ameshavuta kiti chake karibu na kompyuta, anasema ana maneno yake nawe.

Baba yako