Kadi za Boksi la Sabuni

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya nne Lusangi. Bado sijamaliza hata sentensi moja mbele ya watoto bila kuangalia chini.

Wako kumi na wanne. Wengi wanatoka machimboni — asubuhi wanabeba maji ya kuoshea mchanga wa dhahabu, mchana wanakuja kwetu na matope mpaka masikioni. Tunafundishia kwenye banda la nyasi, kando ya shamba la muhogo la Mama Hawa. Nalala kwake. Mama yake na bibi yangu walikuwa ndugu, kabla bibi hajavuka ziwa kwenda Ujiji. Na chama kilichonituma ni cha akina mama wa Ujiji wenye asili ya huku. Miezi miwili, nikisubiri matokeo ya kidato cha sita. Wamenipa mabegi mawili ya vitabu na muhuri wa kuvigonga. Kusoma, kuandika, kuhesabu. Basi. Hayo tu ndiyo niliyoambiwa.

Mwalimu Christophe ni wa hapahapa. Yeye anafundisha Kifaransa, mimi mengine. Ananiita Tanzania. "Tanzania, sauti! Watoto wa nyuma wanazani unasali!"

Walicheka. Na mimi nilicheka, lakini masikio yaliwaka.

Tatizo ni majina. Siyashiki, na naona haya kuuliza mara ya tatu. Leo nimemwita msichana kwa jina la kaka yake.

Jumatano, 5 Juni

Nimepata dawa! Mama Hawa alikuwa na boksi tupu la sabuni. Nimelikata vipande, kila kipande jina la mtoto, umri, namba. Tundu, uzi, shingoni. Vilionekana maskini kidogo, nikagonga muhuri wa chama kwenye kona. Wino wa bluu. Vikapendeza kweli!

Nilipowavalisha walikaa kimya kabisa. Hata wale wawili wanaopigana kila siku. Nilidhani ni furaha.

Christophe hayupo, amekwenda Kasongo kutafuta chaki. Nina hamu azione.

Jumamosi, 8 Juni

Asubuhi Mama Hawa ameniita: toka, kuna watu. Watu! Akina mama kama thelathini uani, na watoto wao. Wanataka waandikwe. Mmoja alisimama mbele kabisa, mikono kiunoni: mutoto ya jirani iko na jetoni, ya kwake kwa nini haina? Yeye hakuzaa mutu?

Sikujua jetoni ni nini. Nilidhani anamaanisha kadi, na kadi maana yake shule. Nikaandika. Boksi likaisha, Mama Hawa akanitafutia lingine. Niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma: nilifurahi. Ujiji hakuna mtu aliyewahi kupanga foleni kwa ajili yangu.

Wengine walileta watoto wenye sare, shati jeupe na bluu chini. Hapo nilijikaza. Nikasema, tena kwa sauti: hapana, hii ni ya wasiosoma tu.

— Kabisa?

— Kabisa.

Wakanielewa. Wakaondoka bila ubishi.

Jumatatu, 10 Juni

Themanini na wanane! Wengine wamekaa nje, wanafuata ubao kupitia matundu ya ukuta.

Christophe amerudi. Hakucheka. Alishika kadi ya mtoto mmoja, akaigeuza, akaweka kidole kwenye muhuri, akaniuliza nani amegonga hii kashe. Mimi. Akakaa chini, juu ya begi la vitabu.

Amenieleza taratibu, kama anavyowaeleza watoto. Vita ikipita, watu wa mashirika wanakuja. Wanaandika majina, wanatoa kikaratasi chenye muhuri. Hicho ndicho jetoni. Halafu siku moja lori linafika: turubai, mafuta, majembe, sabuni. Mwenye jetoni anapokea. Asiye nacho anatazama.

"Na hapa, Tanzania, hakuna mutu anasahau siku alitazama."

Nimesema nitawaambia kesho.

Jumanne, 11 Juni

Sikuwaambia. Walikuwa wengi mno.

Jumatano, 12 Juni

Kuna msichana mpya anakaa nyuma kabisa. Asma. Miaka kumi na miwili. Anamaliza hesabu kabla sijamaliza kuiandika, halafu anakunja uso na kujifanya anafikiri. Nimemwona! Na wadogo zake wawili wakikosea anawagonga goti.

Nilimbakiza.

— Umesoma wapi wewe?

Akakunja kona ya kadi yake. Kisha: shuleni kwa Direktere André, mwaka wa sita. Baba amemtoa Jumamosi.

— Kwa nini sasa? Si mnakaribia mtihani?

— Si ulisema ni ya wasiosoma tu, mamuzeli?

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuokotea kitu ulichoangusha.

Nikamwambia arudi shule kesho. Akasema haiwezekani. Akionekana kule watamtoa kwenye lisiti ya majina, na wadogo zake pamoja naye. Vitu ikishafika, atarudi.

Vitu havifiki, Asma. Nilikuwa nalo mdomoni. Nikamwambia asalimie nyumbani.

Ijumaa, 14 Juni

Direktere André mwenyewe amekuja. Mzee mfupi, viatu vimefutwa vumbi mlangoni. Aliuliza habari za safari, za mama yangu, za Ujiji, za mvua ya Ujiji. Nikaanza kutumaini kwamba amekuja kusalimu tu.

Halafu akasema alikuwa na watoto ishirini na watatu mwaka wa sita. Leo asubuhi amefundisha tisa.

Jumatano ijayo, saa tano, inspekteri anafika shuleni kuhakiki watakaofanya mtihani wa serikali. Jina linaitwa, mtoto anasimama. Asiyesimama anafutwa, anangoja mwaka kesho.

"Na kwa mutoto mwanamuke, mamuzeli, mwaka kesho ni neno tu."

Amesema Asma ndiye wa kwanza wake. Kwamba akifaulu, masista wa Kasongo wamekubali kumchukua. Kwamba asipofanya, baba yake atakuwa na binti mkubwa nyumbani, na wanaume wa machimbo wanajua kuuliza.

Nilisema samahani. Ndiyo yote niliyosema! Samahani. Mzee akaniaga kwa heshima zilezile.

Mchana nimemwomba Christophe azungumze na wazazi, yeye anajua kuzungumza. Hakuniita Tanzania.

"Zamda. Mimi nikisema hakuna kitu, watasema Christophe amekula. Weye utarudi kwenu. Mimi nyumba yangu iko hapa, watoto wangu iko hapa, kaburi ya baba yangu iko hapa."

Nilikasirika. Sasa nimekaa na hasira yangu na sioni alipokosea.

Lazima iwe mimi.

Jumapili, 16 Juni

Idi. (Ujiji ni kesho, mama amesema.) Siku nzuri ya kwenda nyumba ya mtu. Nimekwenda kwa Abdallah, baba yake Asma. Njia nzima nafanya mazoezi: Baba, kadi hizi ni za majina tu. Nimeyasema mpaka mbuzi wa watu wakanigeukia.

Amenipa kiti pekee chenye mgongo. Akaita majirani. Huyu ndiye mutoto ya Ujiji, damu yetu, hakutusahau! Mkewe akaleta wali na mchuzi, akasimama kuangalia kama nakula. Na ukutani, juu, panya wasipofika — kadi tatu, zimefungwa kwenye plastiki.

Nilifungua mdomo. Kweli nilifungua. Abdallah akafikiri naziangalia kadi, akaanza kueleza. Mara ya mwisho, walipokimbia vita, siku ya kuandikwa alikuwa bado porini na mkewe mgonjwa. Aliporudi, watu wanabeba mafuta na turubai. Alimwomba jirani amfunike mtoto mchanga upande mmoja wa turubai lake. Ilikuwa masika. Mtoto hakumaliza mwezi.

Alisimulia kama mtu anayesimulia habari za barabara. "Safari hii niliwahi," akasema. Akacheka.

Nimerudi na paja la mbuzi. Paja zima! Mama Hawa amelipika. Nimesema sina njaa.

"Kula, binti yangu. Nyama haina kosa."

Jumatatu, 17 Juni

Nimewatuma watoto wote: wazazi waje Jumatano saa tatu asubuhi. Kesho haiwezekani, ni soko. Nitawaambia wote kwa mara moja, kabla inspekteri hajafika, na Asma atakuwa na nafasi ya kuteremka shuleni. Christophe amesema sawa. Amesema atakuja. Amesema pia kwamba mkewe na watoto watakwenda kwa shemeji yake Jumatano.

Nimeandika hotuba. Nimeichana. Nimeandika nyingine, fupi.

Mama kapiga simu, mtandao ukakatika kabla sijaanza kulia. Afadhali.

Jumanne, 18 Juni

Sokoni leo kila mtu ananisalimu. Hata wazee wanasimama. Muuza magunia amenishika mikono yote miwili: aksanti mamuzeli, tangu jana jioni hajabakiwa na gunia hata moja! Nilicheka naye.

Nimefika mpaka kisimani ndipo nikaelewa magunia ni ya nini.

Nimerudi mbio kumwambia Christophe. Alikuwa anajua. "Hapa mutu hakuiti mukutano bure," akasema.

Jumatano, 19 Juni

Saa sita imepita kidogo. Naandika kwenye kichumba cha vitabu, pembeni mwa banda, nimefunga mlango. Niandike yote sasa, yalivyokuwa.

Walikuja kuanzia alfajiri. Magunia, beseni, baiskeli, toroli mbili. Nguo za Idi, nguo za kanisani. Bibi mmoja kaletwa juu ya keria ya baiskeli, kajifunga kilemba kipya. Watoto wote na kadi shingoni. Sikuweza kuhesabu.

Nilipanda juu ya benchi. Christophe alisimama karibu yangu — si karibu sana.

Na nilisema! Sikuangalia chini. Nilisema hakuna lori. Hakuna kinachokuja. Kadi ni za majina tu, nilizikata kwenye boksi la sabuni kwa sababu sishiki majina. Kosa ni langu peke yangu, Mwalimu Christophe hakuwepo hata Lusangi. Na watoto waliokuwa wanasoma warudi shule sasa hivi, inspekteri anafika saa tano.

Hakuna aliyeondoka.

Bibi wa baiskeli akacheka, bila ubaya. Akawaambia wenzake: ni hivyo wanasemaka siku zote, hakuna kitu, hakuna kitu, ili wenye haraka waende. Mwenye kungoja ndiye anapataka. Wakatikisa vichwa: kweli, mama. Wakakaa chini, juu ya magunia yao. Walikaa! Mama mmoja akatoa muhogo wa kuchemsha akaanza kuwagawia watoto. Abdallah, mbele kabisa, alinikonyeza, kama tuna siri moja mimi na yeye.

Nikarudia. Kwa sauti zaidi. Nikaapa kwa Mungu. Nikasikia mwanaume nyuma: "Christophe! Umeficha wapi?" Wakacheka. Kisha mwingine akauliza hivyohivyo, na safari hii hakuna aliyecheka. Vijana wawili wakaenda kuchungulia nyuma ya banda. Christophe akafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, mpaka juu.

Ndipo ikalia kengele ya shule, ile rimu ya gari wanayogonga kwa chuma. Asma aligeuza shingo. Alikuwa amekaa kati ya wadogo zake, mkono mmoja kwa huyu, mkono mmoja kwa yule. Aligeuza shingo, akairudisha. Halafu akaangalia miguu yake kama ninavyofanya mimi.

Sijui lilitoka wapi.

— Wanaosoma ndio wa kwanza!

Sauti yangu haikutetemeka hata kidogo. Nikaendelea: lisiti iko kwa Direktere André. Inspekteri anaita majina. Mtoto asiposimama, jina linafutwa.

Hata neno moja hapo si la uongo, isipokuwa lile la kwanza. Lile la kwanza ndilo walilosikia.

Abdallah alikuwa ameshamwinua Asma kwa mkono mmoja. Wote wakainuka — beseni zinagongana, toroli zinasukumwa, bibi anapiga kelele asiachwe — wakateremka kuelekea shule. Asma mbele ya wote, viatu mkononi. Sijawahi kuona mtu anakimbia hivyo. Christophe naye akateremka, mbio, sijui kumwahi Direktere au kuwakimbia wale vijana. Hajarudi.

Ukweli niliutafuta siku tisa, na nilipoutoa wakaukalia kama gunia. Uongo ulikuja wenyewe, wakaufuata mbio.

Mtu anapiga hodi.

Ni Abdallah. Sijafungua. Anazungumza kupitia ubao wa mlango, kwa adabu, anahema kidogo kwa mlima. Anasema jina limeitwa, Asma amesimama. Inspekteri ameandika kwa kalamu nyekundu. Na wote kumi na wanne waliohamia kwangu wamesimama. Anasema hata wadogo wawili wa Asma ameomba waandikwe palepale, mwaka wa kwanza, wawe nao wa kwanza. Anasema aksanti sana, mwanangu, Mungu akuzidishie.

Nimesema amina. Nafikiri amesikia.

Haondoki. Naona vidole vya miguu yake chini ya mlango, vina vumbi jekundu. Nyuma yake kuna miguu mingine, na gurudumu la toroli.

Anauliza sasa lori inafika siku gani.